Nafasi Nyeupe Kando ya Justa

Prudencia Kokuberwa hukata karatasi akiwa amekaa upande mmoja wa dirisha, ili mwanga uliangukie shavu lake zima na lile jingine libaki kivulini. Hakuna anayemtazama humo ndani zaidi ya kuku wa jirani, lakini ni mazoea. Amepanga vyumba viwili Mkolani, pembeni ya jiji la Mwanza. Chumba cha mbele kina meza, na juu ya meza pana rula ya chuma, visu vya kukatia, gundi nyeupe, karatasi za manila za rangi, na mifuko ya saruji iliyopigwa pasi mpaka ikalainika kama kitambaa. Chini ya matofali mawili hukausha maua ya magugu maji. Wavuvi huyalaani magugu hayo kwa kuziba ziwa. Yeye huagiza maua yake kutoka Luchelele, yaliyochumwa asubuhi kabla hayajanywea.

Kabla sijafika kwake nimeona watu wakikata karatasi katika miji mingi. Meksiko hukata mifupa inayocheka na kuitundika juu ya barabara. Poland hukata majogoo. China hubandika karatasi nyekundu madirishani mwaka unapoanza. Kote huko mkataji alifundishwa na bibi yake. Prudencia alijifundisha kwenye simu, kwa kutazama mikono ya wanawake ambao lugha zao hazijui: mmoja wa Brazili, mmoja wa Poland, na mmoja wa Ufilipino ambaye huongea bila kupumua. Huwa anazima sauti.

"Maneno yao siyahitaji," aliniambia. "Natazama kidole gumba kinakaa wapi."

Mitindo hubadilika. Msimu mmoja karatasi huchovywa kwenye chai zionekane za kale. Msimu unaofuata ni tabaka juu ya tabaka, mpaka ukurasa unakuwa kama jukwaa dogo. Halafu picha zote zinarudishwa kuwa nyeusi na nyeupe, na kando yake yanabandikwa maua makavu chini ya karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Prudencia huifuata yote bila kutoka nyumbani. Kadi za harusi anazotengeneza huwa zimeshapitwa na mtindo kwake wakati maduka ya Nyamagana ndiyo kwanza yanaanza kuuza kadi kama hizo.

Kabla ya karatasi alikuwa mkaanga mapanki. Mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara, kile kinachobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa Ulaya. Kwa mapanki alimlea mdogo wake Justa. Mama yao alifariki Muleba wakati Justa bado anatambaa. Baba alikuwa ametangulia. Baba mdogo, Muganyizi, alichukua kibanja chenye migomba na kahawa, akasema wasichana wataolewa tu. Prudencia, ambaye naye alikuwa bado msichana wa shule, alimfunga mtoto mgongoni, akapanda meli usiku huohuo na kushuka Mwanza asikomjua mtu. Justa alisoma kwa mapanki, alivaa viatu kwa mapanki, na darasani wenzake walimwambia ananuka mapanki. Alipokuwa kidato cha tatu karai liliteleza jikoni, na mafuta ya moto yakamwagikia Prudencia usoni na shingoni upande wa kushoto. Tangu siku hiyo ngozi yake haivumilii moto. Miaka ikapita, Justa akapata kazi ya benki, na kwa mshahara wa kwanza akamnunulia dada yake simu. Huo ulikuwa wema wa kweli, na nausema hapa kwa sababu sitakuwa na nafasi ya kuusema mbele.

Justa alipochumbiwa na Josephat Masele, mtoto wa watu wa Sengerema, Prudencia alitaka kitu kimoja tu. Katika sendoff, sherehe ya kumuaga binti kwao, kuna meza kuu, na upande wa wazazi kuna viti viwili. Binti hupiga magoti mbele ya viti hivyo, akamlisha keki baba, kisha mama, na ukumbi mzima husimama kupiga makofi. Prudencia alikuwa ametengeneza kadi za sendoff za mabinti wa watu wengi sana. Alitaka kukaa kwenye kile kiti cha mama na kulishwa keki na Justa.

Justa alikubali bila kusita. Kiti ni chako, alimwambia, angekaa nani mwingine? Prudencia akapeleka kitambaa kwa fundi, akachagua mshono wenye kola ndefu ya kufunika shingo. Kisha akaanza kutengeneza albamu ya kupelekwa kwa wakwe kabla ya sherehe, ili wamjue binti wanayemchukua. Aliifanya kwa mtindo uliokuwa umefika wiki zile: picha nyeusi na nyeupe, maua makavu, karatasi nyepesi juu yake.

Justa alikuja kuiona akitoka kazini. Alifungua kurasa polepole. Katika kila picha ya utoto wake alikuwemo Prudencia. Isingewezekana vinginevyo, maana Justa alikuwa mtoto mwoga wa kamera, na kila mpiga picha wa mtaani alipopita ilibidi dada yake amshike ndipo asimame. Prudencia na karai. Prudencia na ndoo ya mapanki kichwani. Prudencia kandambili miguuni, kitenge kimelowa mafuta, kamshika mtoto aliyevaa gauni jeupe.

Posa ilikuwa imepelekwa Muleba kwa Muganyizi, na Josephat hakuwahi kuletwa Mkolani. Wakwe walikuwa wameambiwa tu kwamba dada yake Justa alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Si uongo, lakini huko Sengerema walikuwa wamemfikiria mama mwenye maboti na magari ya barafu.

Justa alisema picha zina watu wengi mno. Alisema wakwe wanataka kumwona bibi harusi. Alisema mambo kadhaa ya aina hiyo, na dada yake alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Unataka nijitoe," Prudencia alisema.

"Kwenye albamu tu. Wewe watakuona kwa macho, Da Prude, umekaa kwenye kiti chako. Picha za zamani za nini?"

Prudencia akaona ni biashara nzuri, picha kwa kiti. Na zaidi ya hapo, naamini hili ingawa yeye hakulisema, fundi aliyemo ndani yake alifurahi. Yule mwanamke wa Poland alikuwa ameanza kuonyesha mtindo mpya wa kutoboa: unakata umbo la mtu kwenye picha kwa kisu chembamba, unafuata nywele, masikio, mikunjo ya nguo, halafu unabandika picha juu ya karatasi nyeupe, na pale alipokuwa mtu panabaki umbo lake jeupe. Ni kazi ngumu. Kisu kikitetemeka kidogo tu, sura inaharibika. Prudencia alijikata kwenye picha zote. Alilikata karai pamoja naye, na ndoo, na kandambili. Picha moja tu ilimshinda. Hapo mkono wake ulikuwa juu ya bega la Justa, na kuutoa kungeondoka na bega. Akauacha. Justa wa miaka michache amesimama na gauni lake jeupe, na vidole vinne visivyo vya mtu yeyote vimemshika begani.

Ilikuwa nzuri mno. Nimeiona, sitii chumvi. Mtu yeyote wa Poland au Brazili angesema ni ya kisasa. Lakini mwanamke huyu alikuwa ametazama mikono ya wageni kwa muda mrefu mpaka akasahau macho ya watu wa kwao. Kando ya ziwa hili, picha nyeusi na nyeupe yenye maua pembeni huwekwa mbele ya jeneza. Huchapwa kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Hakuna aliye hai anayepambwa hivyo.

Albamu ilivuka kwenda Sengerema na Josephat, kwa lile daraja jipya la Kigongo na Busisi. Aliyeifungua ni mama yake, Paskazia, mwanamke mpole aliyezika watoto wawili. Aliziona zile rangi za msiba, akayaona yale maua, na katika kila ukurasa akaona kando ya mtoto umbo jeupe la mtu ambaye hayupo. Hakuhitaji kuelezwa. Kwa nini mtu atolewe kwenye picha, kama si kwa sababu kumtazama kunauma? Alipofika kwenye vidole vinne alifunga albamu akalia, kisha akapiga simu Mwanza.

Jumamosi Justa alikuja Mkolani. Alikaa ukingoni mwa kitanda na mkoba wake mapajani kama mtu aliye kituoni.

"Mama mkwe alipiga simu," alisema.

"Ameipenda?"

"Amelia."

"Basi ameipenda."

"Alinipa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kwako, Da Prude."

Prudencia aliweka kisu mezani. Alielewa upesi, yeye ndiye aliyechagua maua. Aliuliza swali moja tu.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asante, mama."

Prudencia alimwambia achukue simu ampigie sasa hivi, amwambie dada mzima yupo Mkolani anakata karatasi. Justa hakushika simu. Akimwambia sasa, alisema, ataulizwa kwa nini aliitikia pole ya mtu aliye hai, na hilo halina jibu. Watasema ni mwongo, au mchawi. Ukumbi umeshalipiwa, wageni wameshapewa kadi. Baada ya ndoa, mambo yakitulia, atawaeleza taratibu. Alilia alipokuwa akisema hivyo, na machozi yake yalikuwa ya kweli, kama yalivyokuwa wakati wa hofu ya kamera.

"Na kiti?" Prudencia aliuliza.

"Kiti kitakuwepo."

Siku ya sendoff Prudencia alivaa lile gauni la kola ndefu akakaa nalo nyumbani. Alikuwa bado kwenye kundi la simu la kamati ya sherehe, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza kadi, na hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Video zikawa zinaingia moja baada ya nyingine. Suzana, jirani msusi, alikuja na kiti chake akakaa kando yake kutazama.

Waliona ukumbi. Walimwona Muganyizi, aliyetoka Muleba na suti mpya, amekaa kwenye kiti cha baba. Kando yake palikuwa na kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, na juu ya kiti ilisimamishwa albamu, imefunguliwa kwenye ukurasa wa vidole vinne. MC akashusha sauti. Aliwaomba wageni wasimame kwa dakika moja ya ukimya kumkumbuka dada mpendwa, aliyemlea bibi harusi wetu kwa jasho lake, ambaye Mungu hakumjalia kuiona siku hii.

Upande wa Sengerema ulisimama. Hao hawana lawama, waliamini. Lakini upande wa Muleba nao ulisimama, na hao wote walijua. Walikuwemo shangazi waliokula samaki wa Prudencia kila walipokuja mjini kutibiwa. Muganyizi aliinamisha kichwa na kukunja mikono mbele ya tumbo lake, kama mtu anayesali. Mwana kamati mmoja, ambaye juzi tu alimpigia Prudencia kuulizia bahasha, alikuwa anajipangusa macho. Kisha Justa akaja na kisahani, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaweka kipande cha keki miguuni pa albamu. Ukumbi ulilia, halafu ukapiga makofi.

"Jirani," Suzana alisema, "pole na msiba. Ila umetukosea. Unakufaje bila kutuachia hata chai ya matanga?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Prudencia alirudisha video nyuma, akaisimamisha pale kamera ilipoisogelea albamu, akaitazama kwa karibu. Feni ya ukumbi ilikuwa inapepea kurasa.

"Gundi imeshika," alisema.

Baada ya hapo mtindo ule ulienea. Wageni waliuliza albamu imetengenezwa wapi, Justa akasema kuna fundi mmoja Mkolani, na mabinti wakaanza kufika na bahasha za picha. Wachache walikuwa na marehemu. Wengi walikuwa na watu wazima wa afya. Mmoja alitaka baba yake atolewe, mlevi wa Buhongwa, wakwe wasimwone. Mwingine alitaka kutolewa mke mkubwa wa baba yake. Mwalimu mmoja, mtu wa kanisa, alitaka mama yake mzazi atobolewe kwa sababu alipigwa picha bila viatu. Prudencia alifanya kazi zote. Nilimwuliza kama hasikii vibaya. Alisema kichwa ndicho kigumu, mwili huja wenyewe.

Paskazia ndiye aliyerudisha habari ile Mkolani, kwa wema wake. Ndoa ilipokwisha kufungwa, alisema huwezi kumchukua mtoto wa mtu ukakaa kimya, lazima wakamshukuru aliyemlea, hata kama yupo chini ya udongo. Alitaka kwenda kaburini na mwanawe na mkwewe. Justa aliahirisha, akaahirisha tena, mpaka visingizio vikaisha. Ndipo akakubali na kupanga. Muleba, kando ya kaburi la mama yao, kuna kaburi la shangazi mmoja lisilo na msalaba wala jina. Muganyizi angelisafisha. Kilichobaki ni shada, na Paskazia alisema hataki la dukani, la plastiki. Alimtaka yule fundi wa albamu, kwa maana yule, alisema, ana mkono wa mtu anayejua kufiwa.

Kwa hiyo Justa alirudi kwenye chumba kile kuagiza shada la kaburi la dada yake kwa dada yake. Alieleza kila kitu akiwa amesimama. Alitegemea kelele, nadhani hata kofi. Prudencia alimwuliza safari ni lini na shada liwe na ukubwa gani.

Alilitengeneza kwa juma zima. Waridi za karatasi nyeupe, kila petali limekunjwa ncha kwa ukingo wa kisu, na katikati yake maua makavu ya magugu maji. Nililiona likiwa limeegemezwa ukutani. Nimeona mashada ya wakubwa katika nchi kadhaa na sikumbuki lililolifikia.

Asubuhi ya safari Josephat aliegesha gari barabarani, mama yake kwenye kiti cha mbele, injini inaunguruma. Justa aliingia peke yake kulichukua, akanikuta nimekaa pembeni. Lilikuwa tayari, isipokuwa utepe. Prudencia alikuwa amekata kipande cha utepe wa zambarau, amekitandaza mezani, na pembeni ameweka kalamu ya rangi ya dhahabu.

"Hujaandika," Justa alisema.

"Wewe ndiye mfiwa. Wakwe wanataka paandikwe nini?"

Justa alitazama mlango. "Wanasema aliyelea ni mama. Paandikwe Mama."

Katika miaka yote ya kumlea, neno hilo Prudencia hakuwahi kuitwa. Alikuwa Da Prude kwenye karai, Da Prude hospitali, Da Prude siku ya mahafali. Alivuta kiti, akakigonga kwa kiganja.

"Kaa uandike."

Justa alikaa. Aliandika herufi zile nne, kubwa, kwa mkono wa mtu wa benki. Prudencia aliuinua utepe kwenye mwanga wa dirisha. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiligeuzia dirisha shavu la kushoto.

"Ya mwisho imepanda juu," alisema. "Anza upya."

Akakata kipande kingine, akakitandaza. Justa akaandika. Nje honi ililia mara moja, kwa adabu.

"Hapa wino umechuruzika. Anza upya."

"Da Prude, wananisubiri."

"Nimeona. Anza upya."

Justa aliandika mara nyingine, na nyingine. Akaanza kuharakisha, na kadiri alivyoharakisha ndivyo kasoro zilivyozidi, na kila kasoro Prudencia aliionyesha kwa ncha ya kisu, bila hasira, kama anavyofanya kwa kazi ya mteja. Vipande vilivyokataliwa vilijaa sakafuni, Mama, Mama, Mama, na Justa alikuwa anavikanyaga. Honi ililia tena, ndefu zaidi. Kisha mlango wa gari ukasikika ukifunguliwa, na sauti ya Paskazia ikauliza kwa upole kutoka barabarani kama aje kumsaidia kubeba.

"Inatosha," Justa alinong'ona. Uso wake ulikuwa umelowa. "Nakuomba, Da Prude. Inatosha."

"Da Prude amekufa," Prudencia alisema. "Andika."

Alivuta utepe kutoka kwenye msokoto wake, akaupima kwa rula ya chuma, akakata. Msokoto ulikuwa bado mnene.